Ngome Hujengwa kwa Mawe, Hulindwa na Watu

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo juu ya historia ya vita na ulinzi wa bandari ya Mombasa, yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa serikali.)



Katika mwambao wote wa Afrika ya Mashariki ni vigumu kuipata bandari iliyopiganiwa mara nyingi kama Mombasa, wala jengo la vita lililo maarufu kama ngome yake, ambayo Wareno waliipa jina la Yesu. Wanafunzi wengi wamepita katika lango la ngome hiyo. Huonyeshwa mizinga, huambiwa unene wa kuta na majina ya makamanda, kisha hurudi shuleni wakiamini kwamba historia ya bandari ni historia ya mawe na baruti.

Imani hiyo haina ukweli. Mtu akizifuata kwa makini habari za ngome hiyo tangu mwaka 1593 ataona jambo moja la kushangaza. Ngome ilibadilisha wenyewe mara nyingi, lakini kuta zake zilihusika kidogo sana. Ilitekwa kwa jambia la mtu aliyefunguliwa lango kama rafiki. Ilitekwa kwa njaa na maradhi. Ilitekwa kwa hila na kwa mafarakano ya waliokuwa ndani yake. Mara moja tu mizinga ndiyo iliyokata shauri, na hata mara hiyo waliokuwa ndani walikuwa wamekwisha kuachwa na watu wote.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mombasa ina neno la kuongeza katika methali hiyo: ukuta uliojengwa juu ya ufa hauzuii kitu.

KISIWA NA NJIA ZAKE

Mombasa, au Mvita kama wenyewe waiitavyo, ni kisiwa cha matumbawe kilichokumbatiwa na bara. Upande wa kaskazini na mashariki umo mlango wa bandari ya kale, ambamo majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalitia nanga kwa karne nyingi. Upande wa kusini na magharibi iko Kilindini, na jina lenyewe latosha kueleza: ni kilindi, maji ya kina kikubwa. Tena kulikuwa na kivuko cha Makupa, ambapo maji yakitoka mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Hivyo mwenye kuilinda Mombasa alipaswa kuangalia njia tatu kwa wakati mmoja.

Kulikuwa na mlinzi mwingine asiyepokea amri ya mtu yeyote, nao ni upepo. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, vyombo vilishuka kutoka Bara Hindi na Uarabuni. Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, vilipanda kutoka kusini na kurejea huko. Kamanda wa Kireno aliyekaa Mombasa akiomba msaada kutoka Goa alilazimika kusubiri pepo zigeuke, na ombi lake na jibu lake vikachukua miezi mingi. Katika miezi hiyo alikula nini? Alikula mchele wa Pemba na nafaka ya bara. Kwa maneno mengine, alikula kwa hisani ya watu wale wale aliokuwa akiwatawala.

KABLA YA NGOME

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498. Wenyeji walimtilia shaka, na usiku waogeleaji wakajaribu kukata kamba za nanga za merikebu zake. Malindi, iliyokuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa, ilimpokea kwa heshima na kumpatia rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Huo ndio ufa wa kwanza. Mgeni hakuuchimba. Aliukuta, akaingiza ncha ya upanga wake.

Miaka saba baadaye, Julai 1505, Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kujenga ngome huko. Agosti akaiendea Mombasa. Mji ulikuwa na boma lenye mizinga, na mingine kati ya hiyo ilikuwa imeokolewa kutoka katika merikebu ya Kireno iliyoharibika pwani. Wenyeji walipigana katika vichochoro kwa mishale, na kwa mawe yaliyotupwa kutoka madarini. Mji ukashindwa, ukaporwa na kuchomwa moto. Ngome ya Kilwa yenyewe haikudumu, kwani Wareno waliihama mwaka 1512. Lakini Mombasa haikunyenyekea. Nuno da Cunha aliichoma tena mwaka 1529 baada ya kukaa humo msimu mmoja, na homa ikawaua wengi wa watu wake.

Katika miaka ya 1580 alitokea Amiri Ali Bey, nahodha aliyefanya kazi kwa jina la Sultani wa Uturuki. Miji mingi ya pwani ilimkaribisha kwa kuchoshwa na Wareno, na Mombasa ikawa kituo chake. Mwaka 1589 kundi la manowari lililoongozwa na Tomé de Sousa Coutinho kutoka Goa liliingia bandarini wakati ambapo jeshi la Wazimba lilikuwa limesimama ng'ambo ya Makupa. Mji ukabanwa kati ya bahari na bara, ukaangamizwa, na Ali Bey akachukuliwa mateka hadi Lisbon.

Hapo ndipo Wareno walipokata shauri kwamba kuuchoma mji na kuondoka hakutoshi. Walitaka kukaa.

MAWE YA 1593

Ujenzi ulianza Aprili 1593. Mchoro ulikuwa wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitaliano kutoka Milano aliyekuwa katika utumishi wa Wareno. Alichagua mwamba wa matumbawe kwenye mdomo wa bandari ya kale, akachora ngome yenye buruji nne katika pembe zake, kila moja ikiweza kupiga mizinga ubavuni mwa mwenzake, ili adui aliyefika chini ya ukuta asipate mahali pa kujificha. Upande wa nchi kavu lilichongwa handaki katika mwamba wenyewe. Wapo walioona kwamba ukiitazama kutoka juu umbo lake ni la mtu aliyelala chali. Kwa elimu ya vita ya wakati ule ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, na ndiyo maana mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini majina ya waliochonga mwamba huo hayakuandikwa. Mafundi waliletwa kutoka Bara Hindi, na nguvu za kubeba zilitoka hapa hapa mwambao. Mwalimu anayewafikisha wanafunzi kwenye handaki la Mombasa angefanya vyema kusimama hapo kidogo na kuuliza: mikono ya nani?

Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu. Neno gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, ngome ikaitwa gereza, na mwishowe gereza likawa ni mahali pa kufungia watu. Safari ya neno hilo moja ni somo zima la historia.

UFA ULIOANZIA OFISINI

Wareno walimleta Sultani wa Malindi, rafiki yao wa siku nyingi, wakamweka Mombasa kuwa mtawala chini ya kivuli cha ngome. Aliahidiwa sehemu ya ushuru wa forodha. Mkataba ulionekana mzuri katika karatasi. Utekelezaji wake uliachwa mikononi mwa kamanda wa ngome.

Kamanda huyo alikuwa mtumishi wa serikali wa wakati wake. Alipewa cheo kwa muda wa miaka michache, mbali na macho ya wakubwa zake, na makamanda wengi waliutazama muda huo kama msimu wa mavuno. Walifanya biashara yao wenyewe kwa nguvu ya cheo, wakaingilia haki za Sultani, wakamdharau mbele ya watu wake. Malalamiko yalipelekwa Goa, na malalamiko hayo yakazeeka huko.

Sultani Hasan bin Ahmad alipogombana na kamanda, mwaka 1614 alikimbilia bara. Wareno wakawahonga watu wakamwua, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa mtoto, alichukuliwa huko huko Goa kulelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino. Alibatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akafundishwa kazi ya vita, akatumika katika merikebu za Kireno, akaoa, kisha katika miaka ya 1620 akarudishwa Mombasa kukalia kiti cha baba yake. Wareno waliamini kwamba wamejitengenezea mtawala aliye wao mwili na roho.

Hawakujua kwamba Yusuf alikuwa akienda kuomba kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Mtu mmoja alimwona, habari zikamfikia kamanda Pedro Leitão de Gamboa, naye akapanga kumkamata. Yusuf aliwahi. Tarehe 16 Agosti 1631, siku iliyofuata sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia ngomeni pamoja na watu wake kama mtu aendaye kumwamkia kamanda. Lango lilifunguliwa, kwa kuwa alikuwa mtu wa nyumbani. Akamchoma kamanda jambia, na kabla jua halijazama ngome iliyochukua miaka kuijenga ilikuwa mikononi mwake. Hakuna mzinga uliopasua ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako.

Yapasa kusema pia upande wa pili. Yusuf aliwaua Wareno wa mjini, wanaume kwa wanawake, pamoja na Waafrika waliokuwa wamebatizwa na waliokataa kuiacha dini yao. Mwanzoni mwa 1632 alilishinda kundi la merikebu lililotoka Goa kumwondoa, na kwa miezi miwili ngome ya Wareno ikawapiga Wareno wenyewe. Lakini hakuweza kuiunganisha pwani nyuma yake. Mei mwaka huo huo aliiharibu ngome, akapakia mizinga katika merikebu aliyoiteka, akaondoka kwenda kuishi maisha ya vita baharini hadi kufa kwake. Agosti 1632 Wareno waliokuwa Zanzibar wakarudi, wakaikuta ngome tupu. Kisasi kiliweza kuitwaa ngome, hakikuweza kuilinda.

Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi la mwaka 1635, ambamo kamanda Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu jinsi alivyoirudisha miji ya pwani chini ya kodi, akaiadhibu Pate, akaiadhibu Pemba. Mgeni hulisoma jiwe hilo kama sifa. Mwanafunzi aliyefundishwa vyema atalisoma kama orodha ya watu ambao siku moja wangekataa kuleta chakula.

MIEZI THELATHINI NA MITATU

Siku hiyo ilikuja. Waomani waliwafukuza Wareno kutoka Maskati mwaka 1650, na watu wa Mombasa wakatuma wajumbe kuomba msaada. Mashambulizi yalianza, yakakoma, yakaanza tena. Tarehe 13 Machi 1696, katika mwisho wa kaskazi, manowari za Oman ziliingia na ngome ikazingirwa. Haikutekwa mpaka tarehe 13 Desemba 1698. Hizo ni siku elfu moja na tano.

Ndani ya ngome walikuwamo askari wachache wa Kireno pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa na sababu zao za kuwaogopa Waomani zaidi. Msaada ulifika siku ya Krismasi ya 1696, na pamoja na msaada yakaja maradhi. Tauni iliwafagia walinzi kwa mamia. Ilipofika Agosti 1697 kamanda alikuwa amekufa, na Wareno wenzake wamekufa au wanakufa.

Nani basi aliyeilinda ngome ya Wareno? Aliilinda Bwana Daud wa Faza, Mswahili, akiwa na watu kumi na saba wa jamaa yake, wanaume wanane Waafrika na wanawake hamsini Waafrika. Watu hao wachache ndio waliosimama juu ya buruji mchana na usiku, wakiwafanya Waomani waamini kwamba jeshi bado lipo, hadi merikebu zilipofika kutoka Msumbiji Septemba 1697 kwa upepo wa kusi. Zanzibar nako Malkia Fatuma alipeleka vyombo vya chakula kwa waliozingirwa, na kwa ajili ya hayo alikuja kuchukuliwa hadi Oman. Kumbukumbu za Mombasa zina majina mengi ya makamanda. Majina ya wale wanawake hamsini hayamo hata moja.

Katika merikebu zilizofika Septemba 1697 ilikuwamo manowari Santo António de Tanná. Mwezi uliofuata ilikatika kamba za nanga, ikapanda mwamba na kuzama chini ya kuta za ngome iliyokuja kuiokoa. Ilikaa chini ya maji kwa karibu miaka 280. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale waliichunguza, na vitu walivyovitoa vinahifadhiwa katika makumbusho ya ngome.

Mwaka wa mwisho wa kuzingirwa ulipita kwa njaa na maradhi. Desemba 1698 waliobaki wakiwa hai na silaha mkononi hawakuzidi idadi ya vidole vya mikono miwili. Waomani walipanda ukuta usiku, na asubuhi ngome ikawa yao. Baada ya siku saba tu merikebu za msaada zilitokea baharini, zikaona bendera nyingine ikipepea, zikageuza tanga. Mizinga ya Oman ilipiga kwa miezi 33. Kilichoshinda ni tumbo tupu.

WENYE NYUMBA WAPYA

Je, aliyeitwaa ngome kwa njia hiyo alijifunza? Waomani walioletwa na watu wa Mombasa wakawa nao watawala wa kuogopwa. Mwaka 1728, kwa ugomvi wa Waomani wenyewe kwa wenyewe, Wareno walirudi bila taabu kubwa. Hawakukaa miaka miwili. Walirudia dharau ile ile, na mwaka 1729 watu wa Mombasa waliinuka, wakawafungia ndani hadi njaa ikawatoa. Safari hiyo ulikuwa mwisho wao.

Kisha wakaja Wamazrui, ambao walianza kama maliwali wa Oman na wakaja kujitangazia utawala wao. Imamu wa Oman aliwatuma watu wake, wakamwua liwali Muhammad bin Uthman mwaka 1746 na kuishika ngome. Nduguye Ali alitoroka kutoka kifungoni, akarudi na watu wa mji na wa bara, akaitwaa tena. Nguvu ya Wamazrui kwa karibu miaka mia moja haikuwa kuta. Ilikuwa mapatano yao na Thenashara Taifa za mjini na Wamijikenda wa bara. Walijaribu hata kujikinga chini ya bendera ya Uingereza kwa njia ya Kapteni Owen, kati ya 1824 na 1826, ulinzi ambao serikali ya London haikuukubali.

Seyyid Said bin Sultan wa Oman na Zanzibar aliijia Mombasa mara kadhaa kwa manowari zake. Mwaka 1828 alipata kuweka askari wake ngomeni, na wenyeji wakawazingira mpaka wakatoka kwa njaa. Mwaka 1833 alishindwa. Lakini liwali Salim bin Ahmad alipokufa mwaka 1835 Wamazrui waligombania urithi, na Thelatha Taifa wakajitenga na wenzao. Mwaka 1837 Seyyid Said aliingia bila vita kubwa. Muda mfupi baadaye viongozi wa Mazrui waliitwa kana kwamba ni kwa mazungumzo, wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas. Mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa wakati huo, aliyaona mafarakano hayo kwa macho yake.

Imebaki ile mara moja ya mizinga. Januari 1875 akida Muhammad bin Abdallah alimwasi Seyyid Barghash na kujifungia ngomeni. Alikuwa amegombana na liwali na amegombana na mji. Manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga ngome tarehe 18 Januari, naye akasalimu amri. Ngome iliyovumilia miezi 33 mwaka 1696 haikuvumilia siku moja. Ni kweli kwamba mizinga ilikuwa imeendelea sana. Lakini ni kweli pia kwamba hapakuwa na Bwana Daud.

Mwaka 1895, wakati Wamazrui wa bara walipokuwa wakipigana na Waingereza chini ya Mbaruk bin Rashid, wakoloni waliigeuza ngome kuwa gereza. Ilibaki gereza mpaka 1958, ndipo ilipoanza kufanyiwa utafiti na matengenezo ili iwe makumbusho.

KILINDINI NA VITA VYA WENYE DUNIA

Wakati huo uzito wa bandari ulikuwa umehamia Kilindini. Mwaka 1896 ilianza kujengwa reli ya kwenda Uganda, na meli kubwa zilihitaji maji ya kina. Vita vya 1914 vilipoanza, Mombasa ikawa mlango wa majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Jeshi lililotoka Bara Hindi na kushindwa Tanga Novemba 1914 lilirudi Mombasa kutia nanga na kuzika aibu yake.

Katika uwanja wa ngome kuna mizinga miwili inayofaa kutazamwa na kila mwanafunzi wa Tanzania. Mmoja ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Wa pili ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, ile iliyoizamisha, ambayo nayo iliangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Maadui wawili wa Ulaya, waliogombania bahari isiyo yao, wamestarehe pamoja Mombasa. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita hivyo kwa homa, kuhara na njaa hawana mzinga. Wana sanamu za askari na wapagazi huko Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, na wana jina la Kariakoo.

Vita vya pili vilipokuja, Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee, zikazamisha manowari kadhaa za Kiingereza. Admeri James Somerville akalileta kundi lake kubwa Kilindini, na kwa muda bandari hiyo ikawa makao ya jeshi la majini la Uingereza katika Bahari ya Hindi. Katika majengo ya shule moja ya Mombasa, Allidina Visram, wataalamu walikaa usiku na mchana wakifumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, na miongoni mwao mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika ya Mashariki.

Vita vilipokwisha, waliobeba shehena za ushindi huo walirudi kwenye mshahara usiotosha kodi ya chumba. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma kwa siku kumi na mbili, wa bandari, wa reli na wa majumbani pamoja. Kilindini ilisimama kimya. Jambo ambalo Wajapani hawakuliweza kwa ndege na nyambizi, makuli waliliweza kwa kukunja mikono. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda baraza la kuangalia mishahara yao.

FUNZO KWA MWALIMU NA MTUMISHI

Ndugu walimu na watumishi, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitolewa baada ya Wareno kuivamia Guinea Novemba 1970 na baada ya jeshi kuipindua serikali ya Uganda Januari 1971. Ulieleza kwamba ulinzi wa taifa ni kazi ya wananchi wenyewe. Waraka huo huo uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wapo waliodhani kwamba hayo ni mambo mawili yaliyowekwa pamoja kwa bahati, moja la vita na moja la adabu ya kazi. Historia ya Mombasa yaonyesha kwamba ni jambo moja. Kamanda aliyezuia haki ya Sultani mezani pake alikuwa akiibomoa ngome yake mwenyewe, jiwe baada ya jiwe, miaka mingi kabla ya Yusuf kuchomoa jambia.

Mtumishi anayemwambia mzee aje kesho, na kesho akamwambia aje keshokutwa, hasemi kwamba anaihujumu nchi. Labda hata hawazi hivyo. Lakini barua iliyolala Goa bila jibu haikuwa na sauti pia, na sauti yake ilisikika mwaka 1631. Mwananchi aliyedharauliwa hatajiunga na adui kwa lazima. Atafanya jambo dogo zaidi ambalo hudhuru vile vile: siku ya haja hatasogea.

Kwa mwalimu kazi ni nyingine. Mtihani huuliza ngome ilijengwa lini na nani, na jibu ni 1593 na Wareno. Jibu hilo ni sahihi, na halitoshi. Mwanafunzi aulizwe pia ilitekwa vipi, na kwa nini watu wa mji ule ule waliowaita Waomani wawafukuze Wareno waliishia kuwapinga Waomani nao. Aulizwe nani aliyepika, aliyechota maji, aliyesimama juu ya ukuta tauni ilipokwisha kuwaua wenye ngome. Akiyajibu hayo atakuwa ameelewa kwa nini taifa linalotaka kuwa salama halianzi kwa kuhesabu mizinga yake.

Kuta za Mombasa zingali zimesimama, nzuri kwa kutazamwa, na bahari ingali ikizipiga kwa kusi na kwa kaskazi. Wote waliojificha nyuma yake wakiwa wamewageuzia wananchi mgongo wamekwenda. Ufa hauanzi ukutani, na mwenye kuuziba si fundi wa mawe.